Udongo haujulikani kwa rangi: yanayosemwa Malindi na Lamu, na ukweli wake

Kila mwaka kaskazi ikikaza, simu yangu hujaa picha za viganja. Kiganja hiki kimeshika udongo mwekundu, kile kimeshika mweusi, na chini yake swali ni lilelile: “Kaka, udongo huu ni mzuri?” Wengi wanaouliza wanataka kununua shamba Magarini, au Gede, au bara ya Lamu upande wa Mpeketoni. Nami huwajibu kwa maswali. Hapo mvua hunyesha kiasi gani, na miezi gani? Ikishanyesha, maji huelekea wapi? Na mahali penyewe ni mgongoni mwa kilima, mteremkoni au bondeni? Nisipojibiwa hayo matatu, picha hainifai kitu, hata ikiwa safi namna gani. Nimeona watu wakitia akiba ya miaka mingi katika ardhi kwa kuvutiwa na rangi tu, na jambo hilo huniuma. Ndiyo maana naandika.

“Udongo mwekundu ni mmoja, uwe wa Kiambu uwe wa Magarini”

Hili ndilo linalowaponza wengi, hasa ndugu zetu wanaoshuka kutoka bara. Wameuzoea udongo mwekundu uliolisha mashamba ya chai na kahawa, wakifika nyuma ya Malindi wakauona mwingine wenye rangi ileile, moyo unatulia.

Chukua kiganja kimoja cha udongo wa Magarini, uuvunjevunje, utie kwenye bilauri ya maji, ukoroge kwa kijiti kisha uache. Hesabu polepole hadi 60. Hujamaliza kuhesabu, sehemu kubwa imeshazama na kutulia chini, na maji ya juu yamekuwa mekundu kama yaliyochemshiwa magome ya mkandaa. Yamwage taratibu, tia mengine, koroga tena. Ukirudia mara tatu nne, kinachobaki ni mchanga, chembe kwa chembe, kila moja imevaa rangi ya kutu. Udongo wa Kiambu ukiusaga vizuri na kuufanyia hivyohivyo, mchanga utakaobaki ni haba, kwa sababu sehemu yake kubwa ni mfinyanzi, ule udongo laini wa kufinyangia vyungu.

Sababu iko kwenye asili zao. Ule wa Kiambu umezaliwa na miamba ya volkano iliyooza taratibu katika nyanda za juu zenye mvua. Wa Magarini umezaliwa na mchanga wa kale, ambao wanajiolojia huuweka enzi ya Pliosini, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Chembe zake nyingi ni kwatzi, madini magumu ya mchanga, na kwatzi hata ikikaa milenia ngapi haitoi chakula cha mmea. Ule wekundu ni madini ya chuma yaliyopata kutu, nayo hupata kutu ya namna hiyo mahali penye joto, pasipotuama maji, ambapo hewa hupenya na kiangazi huchoma. Kwa hiyo wekundu una habari ya kweli ya kukupa, nayo ni habari ya maji: hapa hayakai. Ukitaka kujua rutuba, uliza kwingine.

Wala siudharau udongo huo. Mikorosho, miembe na mihogo inaupenda, kwa sababu ni mwepisi na mizizi hushuka bila kizuizi. Lakini anayeumwagia mbolea yote kwa siku moja, kama alivyozoea kwao, ajue mvua kubwa ya kwanza itaishusha chini kusikofikiwa na mahindi. Igawe mara mbili au tatu, na samadi usiikose.

Mchanga huohuo ndio uliobomoka kule Marafa, mahali Wagiriama wanapopaita Nyari na watalii Hell's Kitchen. Wazee husimulia juu ya ukoo tajiri uliooga maziwa ya ng'ombe hadi ardhi ikawameza, na simulizi hiyo naipenda tangu utotoni. Wengine hudhani ni mdomo wa volkano. Volkano haipo pale. Ni maji ya mvua yaliyochonga tabaka laini, nyeupe, waridi na nyekundu, na yanaendelea kuchonga kila msimu. Mwenye shamba la mteremko Magarini, akatembee Marafa siku moja kabla hajang'oa vichaka vyake.

“Malindi inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, udongo hauwezi kukosa maji”

Takwimu ni sahihi, hesabu ndiyo iliyokosewa. Malindi mjini hupata karibu na kiasi hicho, Lamu hupungukiwa kidogo. Lakini mvua hiyo haijagawanywa kwa haki miezi 12. Mvua ya mwaka, ile wengine waiitayo masika, huanza Aprili, na Mei peke yake huleta zaidi ya robo ya mvua yote. Vuli huja Oktoba na Novemba ikitaka. Januari na Februari ni kaskazi tupu.

Halafu kuna upande wa pili wa daftari ambao hakuna dalali atakayekuonyesha: jua na upepo wa pwani hii vinaweza kunyanyua zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka, yaani milimita 5 na ushei kila siku. Udongo wa kichanga wenye kina cha mita moja hushika maji ya kuutosha mmea kiasi cha milimita 70 au 80 hivi. Gawanya mwenyewe. Ndani ya wiki mbili bila mvua, ghala ni tupu, hata kama juzi ulikuwa ukivuka madimbwi. Ndiyo sababu mahindi hukunja majani mapema Juni wakati jirani mwenye mfinyanzi bado anatamba.

Tena, ukielekea magharibi mvua hupungua upesi. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, upande wa mashariki hupata karibu milimita 1,000, na pembe ya kaskazini magharibi hupata kama 600. Msitu ni mmoja, na mtu anaweza kuuvuka kwa miguu kwa siku moja. Basi ukiambiwa “mvua ya Malindi”, uliza ni Malindi ipi.

“Msitu ukinawiri, udongo wake una rutuba”

Msitu huohuo unakanusha. Ndani yake mrihi umesimama juu ya mchanga mweupe uliofukarika kabisa, na miti hiyo huishi kwa kula majani yake yenyewe yanayooza. Ukifyeka, umeondoa sahani na chakula pamoja. Upande wa magharibi, kwenye mchanga mwekundu wa Magarini, miti inabadilika, na bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1965, hukaa huko kwenye miti ya udongo mwekundu akiuacha upande wa mrihi.

“Udongo mweusi ndio tajiri, weusi wake ni mboji”

Si lazima. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, ule ambao ufa wake humeza mkono hadi kiwiko, mara nyingi una mboji kidogo tu. Weusi hutokana na mboji hiyo chache iliyoshikana barabara na mfinyanzi wa aina fulani unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Na mfinyanzi huo hauzaliwi popote. Huzaliwa bondeni na kwenye tambarare, mahali ambapo maji yaliyosafisha miinuko hukusanyika yakiwa yamebeba chokaa na magnesiamu. Kilima kinapoteza, bonde linapokea.

Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha alikuwa Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, kule milima ya Usambara. Katika miaka ya 1930, akitembea Afrika Mashariki, aliona kwamba mpangilio wa udongo hujirudia: mwekundu juu, wa kijivu au hudhurungi mteremkoni, mweusi chini, kisha kilima kingine na mpangilio uleule. Akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Nafurahi sana kwamba wazo linalofundishwa leo duniani kote lilipatikana kwenye vilima vyetu. Na mkulima wa Mpeketoni analijua bila Kilatini, maana shamba lake la juu hulilima siku ya pili baada ya mvua, na la chini hulisubiri wiki nzima, la sivyo jembe linanasa.

Udongo mweusi una utajiri wake, sikatai. Hushika maji na madini vizuri. Lakini ukijenga nyumba juu yake bila msingi wa kina, kuta zitakuonyesha nyufa kabla ya miaka mingi.

“Udongo wa kando ya Sabaki ni wa hapahapa”

Ni mgeni. Mto huo huitwa Athi huko juu, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, ukafika kwetu ukiitwa Sabaki. Matope yanayotia bahari ya Malindi rangi ya hudhurungi yameng'olewa kwenye miteremko ya Machakos na kwingineko ya bara. Chimba shimo kwenye bonde la mto na utaona tabaka jembamba la mchanga, juu yake la tope laini, kisha mchanga tena: kila gharika imeacha sahihi yake. Udongo wa namna hii ukiueleza kwa mvua ya Malindi peke yake, umekosea anwani.

“Mchanga wa Shela ni mkavu, heri uchotwe kujengea”

Hapa naomba nisikilizwe. Ukiuandika mchanga wa matuta ya Shela, kisiwani Lamu, kwa vipimo vya kiganjani tu, utaandika hivi: mchanga mtupu, hauna mboji, haushiki maji, haufai kilimo. Kila neno hapo ni kweli, na bado umekosa jambo kubwa kuliko yote.

Kwa sababu haushiki maji, mchanga huo huyapitisha. Mvua ya Mei ikishuka kwenye matuta haitiririki, inazama palepale. Huteremka hadi inapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na hapo husimama juu yake. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Ya bahari inazidi kwa gramu 25 hivi. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji matamu yaelee kama mafuta juu ya mchuzi. Na hesabu yake ni ya kushangaza: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa na takriban mita 40 nyingine zinazoikandamiza chumvi. Maji ya chini ya matuta hayo ndiyo yanayonywesha mji wa Lamu.

Sasa igeuze hesabu. Ukishusha maji nusu mita kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi itapanda taratibu kiasi cha mita 20. Ukichota mchanga, unalileta jua karibu na maji, na choo cha shimo nacho kinasogea.

Fundi mmoja wa visima, mzee wa makamo, alinishusha ndoo jioni moja nikaonja. Yalikuwa na uchumvi kwa mbali sana, kama machozi. “Mwanangu,” akaniambia, “kisima kilichochoka hukijui alfajiri. Alfajiri kimelala, kimepumzika. Kionje magharibi, watu wakishateka siku nzima.” Hakuwa na kipimo chochote mkononi isipokuwa ulimi, na alikuwa akinieleza tabia ya chumvi inayopanda chini ya kisima kinachovutwa.

“Ukikausha ardhi ya mikoko unapata shamba”

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kishawishi hiki hakiishi. Tope la mikoko, ambalo lina harufu ya yai viza, limehifadhi salfa iliyoungana na chuma. Maadamu liko majini, limetulia. Likikauka na hewa ikaingia, salfa hiyo hugeuka tindikali kali inayoua mizizi na samaki. Liacheni lilowe.

“Ramani ipo, ya nini kuchimba?”

Ramani ya udongo ya Kenya nzima iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni kazi ya heshima, nami huanza nayo kila mara. Lakini kipimo chake ni moja kwa milioni moja: milimita moja kwenye karatasi ni kilomita nzima ardhini. Shamba lako la ekari mbili liko chini ya ncha ya kalamu. Hivyo nachimba. Na ukurasa wa daftari langu, kwa shamba la nyuma ya Malindi lenye mchanga mwekundu, huwa hivi:

Mahali: mgongo mpana wa kilima, mteremko mdogo kuelekea mashariki. Bonde lenye mfinyanzi liko chini yake.

Mvua: kilele Mei, vuli isiyotabirika. Kiangazi kikali Januari hadi Machi.

Maji: hayatuami hata baada ya mvua kubwa. Hakuna madoa ya kijivu, dalili ya maji kutuama, hadi kina cha sentimita 150. Kisima cha jirani kimeonjwa jioni.

Mimea: mikorosho mikubwa, ukoka haba.

Asili: mchanga wa Magarini.

Mguso: mchanga juu, mfinyanzi unaongezeka kidogo kadiri unavyoshuka. Haufinyangiki kuwa kamba.

Rangi: nyekundu, imetazamwa ikiwa kavu na ikiwa imeloweshwa.