"Charge" Si "Kushtaki" Kila Mahali

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kitengo chetu cha kuhakiki tafsiri hakikosi foleni. Neno moja la Kiingereza linarudisha watu nyumbani kuliko yote: "charge".

Mkataba wa mkopo uliofasiriwa stesheneri huko Posta, Dar es Salaam, unasema "benki itamshtaki mteja asilimia mbili". Asilimia hazishtakiwi. Benki inatoza.

Asili ya neno hili ni Kilatini, likapitia Kifaransa, na maana yake ilikuwa kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Mzigo huo haujashuka. Mteja anabebeshwa gharama: kutoza. Mtuhumiwa anabebeshwa kosa: hapo ndipo kushtaki, na hati ya mashtaka. Simu inapakiwa umeme: kuchaji, wala msihangaike kutafuta neno jingine. Mali ya kampuni inabebeshwa deni: kuwekwa dhamana. (Msiichanganye na dhamana ya kumtoa ndugu mahabusu, hiyo ni habari nyingine.) Aliyebebeshwa madaraka ya kituo ni mfawidhi: jaji mfawidhi, muuguzi mfawidhi. Tumewahi kuletewa "muuguzi mshtaki", na mwenye karatasi akatugombeza.

"Lakini kamusi ndiyo imesema!" Kamusi inaorodhesha maana; kuchagua ni kazi yako. Wewe mwenyewe unapiga simu, unapiga pasi, unapiga kura, na hakuna aliyeumia. Kwa nini Kiingereza kibanwe kwenye maana moja?

Sasa utaratibu. Leta nakala halisi pamoja na tafsiri. Picha ya kwenye simu si nakala halisi. Kurasa zote ziwepo, hata ule wa nyuma wenye muhuri tu, na namba zake zilingane na za tafsiri. Tafsiri ichapwe, isiandikwe kwa mkono. Mfasiri aandike jina lake kamili na asaini kila ukurasa, si wa mwisho peke yake. Muhuri wetu ukishagongwa, usiguse neno kwa kalamu, hata kama kosa ni la herufi moja: rudi dirishani. Kubadili hati iliyohakikiwa kunaweza kuhesabika kuwa ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha hadi miaka 7.

Tukikurudishia tafsiri, neno lenye shida litakuwa limezungushiwa penseli. Msilifute, jamani. Afisa wa siku hiyo huenda siye atakayekupokea ukirudi.