Mechi huchafua zaidi barabarani kuliko jukwaani

"Uchafu wa mpira ni chupa na maganda ya karanga." Wengi hapa Kigoma tunaamini hivyo, maana ndivyo vinavyobaki watu wakishatoka Uwanja wa Lake Tanganyika. Sikatai kwamba vina madhara. Mvua za Novemba zikianza, mifereji huzisomba chupa hadi ziwani, na mvuvi wa Kibirizi huzikuta wavuni pamoja na dagaa.

Lakini gesi zinazoipasha dunia joto hutoka zaidi safarini. FIFA wenyewe walikadiria kwamba Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar lingezalisha tani milioni 3.6 za gesi hizo, zaidi ya nusu ikitokana na usafiri. Kumbukeni fainali ya Simba na Yanga hapa kwetu, 25 Julai 2021, Taddeo Lwanga alipofunga goli pekee. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200! Treni ya reli ya kati hubeba mamia ya watu kwa injini moja. Gari dogo hubeba wanne au watano. Tiketi ya mechi ikiuzwa pamoja na ya treni, kwa bei ya kumvutia shabiki, hapo tutakuwa tumegusa penyewe.

"Tutapanda miti, yataisha." Miti naipenda, ila mche hufyonza hewa ya ukaa kwa miaka mingi, na moshi wa basi umeshatoka leo. Halafu tunapanda lini? Niliwahi kushuhudia miche ikipandwa kabla ya bonanza, mwezi wa saba, kiangazi kikavu, picha zikapigwa. Niliporudi Septemba nilikuta vijiti. Mmoja tu ulikuwa na majani, ule wa karibu na bomba.

"Mashindano makubwa yanataka viwanja vipya." Si lazima: Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024 ilitumia viwanja vilivyokuwepo au vya muda kwa takriban asilimia 95.

"Shabiki hataki kusikia habari za tabianchi." Hili ndilo linaloniuma. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamezidi kupata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, hivyo virutubisho vinavyolisha chakula cha dagaa havipandi vya kutosha. Nahodha akiyasema hayo kabla ya filimbi, mbele ya watu ambao karo za watoto wao hutoka kwenye karabai na wavu, nani atampa kisogo?