Umbali wa maumbo ya redio kuelekea kitovu cha galaksi: unapimwaje?

Picha ya redio ya kitovu cha galaksi yetu, kama ile ya darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini iliyotolewa mwaka 2022, imejaa nyuzi ndefu, viputo na maganda ya nyota zilizolipuka. Vyote vinaonekana kwenye bapa moja. Lakini kutoka kwetu hadi kitovuni ni takriban miaka nuru 27,000, na mstari wa macho hauishii hapo. Kitu kinachoonekana upande wa kitovu kinaweza kuwa mbele yake, ndani yake, au kikawa galaksi nyingine iliyo mbali kabisa nyuma yake.

Ukikosea umbali, na mengine yote yanaharibika. Digrii moja angani ni kama parseki 143 ikiwa kitu kiko kitovuni, yaani kiloparseki 8.2 kutoka kwetu (parseki moja ni miaka nuru 3.26, na kiloparseki ni parseki elfu moja). Kikiwa kiloparseki 2 tu, digrii ileile ni parseki 35. Nguvu ya mionzi hufuata mraba wa umbali, kwa hiyo makadirio hayo mawili yanapishana karibu mara 17. Wingi wa gesi ya ioni, yaani gesi ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, hupishana zaidi, kama mara 34.

Kwingineko katika galaksi, njia ya kawaida ni kupima kasi ya gesi kwa athari ya Doppler (mabadiliko ya masafa ya mawimbi kitu kinapotusogelea au kutukimbia), kisha kuuliza ni umbali gani unaolingana na kasi hiyo katika mzunguko wa galaksi. Kuelekea kitovu njia hii inakwama. Gesi inayozunguka kwa duara hapo hukatiza mstari wa macho kwa ubavu. Haitusogelei wala haitukimbii, na kasi yake husomeka karibu sifuri iwe karibu au mbali.

Kinachookoa ni gesi isiyozunguka kwa duara safi. Mkono wa kiloparseki 3, mmoja wa mikono ya galaksi ulio upande wetu wa kitovu, unatusogelea kwa takriban km 53 kwa sekunde. Pacha wake wa upande wa pili, aliyetambuliwa mwaka 2008, anatukimbia kwa kasi inayokaribia hiyo. Hidrojeni baridi iliyo mbele ya chanzo cha redio hufyonza mawimbi yake kwenye masafa ya megahezi 1420.4, na kila wingu huacha pengo katika spektra ya chanzo (mwanga wake uliochambuliwa kwa masafa), mahali panapolingana na kasi ya wingu hilo. Pengo likionekana kwenye km −53 kwa sekunde (alama ya kutoa ni kwa kinachotusogelea), chanzo kiko nyuma ya mkono wa karibu. Likionekana pia upande wa pacha, chanzo kimepita kitovu. Hapa hupati namba ya umbali. Unapata mpaka: si karibu kuliko hapa, si mbali kuliko pale.

Kazi yenyewe ina mitego. Kwenye masafa hayo, km 1 kwa sekunde ni sawa na kilohezi 4.7, hivyo chaneli, yaani vipande vya masafa vinavyopimwa kimoja kimoja, zikiwa pana mno, mapengo membamba hupotea. Hidrojeni inayong'aa pembeni mwa chanzo ikiondolewa vibaya, huzua pengo la uongo. Ndiyo maana spektra ya chanzo hulinganishwa na ya anga iliyo jirani nacho. Nyuzi hafifu ndizo zinazosumbua zaidi. Chanzo cha milijansky 20 (kipimo cha ukali wa mawimbi ya redio) kikipimwa kwa kelele ya milijansky 5 katika kila chaneli, pengo lenye kina cha robo nzima ya mwanga wake hufichika ndani ya kelele. Tena kukosa pengo si ushahidi kwamba chanzo kiko karibu, kwa sababu mawingu yana matundu. Kukosekana huko kuna uzito pale tu chanzo kingine chenye nguvu, kilicho jirani kabisa, kinapoonyesha pengo hilo waziwazi.

Njia ya pili hutumia masafa ya chini. Gesi ya ioni huyazuia mawimbi zaidi kadiri masafa yanavyoshuka: kutoka megahezi 1420 hadi 330, ufyonzaji wake huongezeka kama mara 20. Hapo gesi iliyokuwa inang'aa hugeuka kivuli. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Sagittarius A West, gesi ya ioni iliyo kitovuni, iko mbele ya sehemu kubwa ya Sagittarius A East, ambayo ni mabaki ya supanova (nyota iliyolipuka): kwenye masafa ya chini ya kwanza inaonekana kama doa jeusi juu ya ya pili.

Umbo lililozua ubishi mrefu ni lile tao kubwa lililoelezwa na wanaastronomia Sofue na Handa mwaka 1984, linalopanda kama digrii moja juu ya bapa la galaksi. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa mlipuko mkubwa wa kitovuni. Hata hivyo, mistari ya spektra ya gesi yake ni myembamba na kasi yake iko karibu na sifuri, ilhali gesi ya kitovuni kwa kawaida huvurugika kwa makumi ya kilomita kwa sekunde. Vipimo vya masafa ya chini navyo vinaonyesha gesi hiyo ikizuia mwanga wa nyuma yake. Uzito wa ushahidi umeegemea kwamba sehemu kubwa ya tao hilo ni gesi ya mbele, iliyo karibu nasi zaidi.

Umbali wa moja kwa moja hupatikana kwa paralaksi, yaani kusogea kidogo kwa kitu angani Dunia inapolizunguka Jua, nayo hutaka nukta ndogo zinazong'aa sana. Maseri za maji (nukta ambamo molekuli za maji hukuza mawimbi ya redio) ndani ya Sagittarius B2, wingu kubwa la gesi karibu na kitovu, zinafaa: kwa vipimo vya darubini zilizounganishwa kutoka mbali, zilitoa takriban kiloparseki 7.9. Pembe inayopimwa ni kama sehemu 0.13 ya elfu moja ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), kwa hiyo mvuke wa angahewa peke yake unatosha kuivuruga. Uzi wa redio hauna nukta kama hizo. Kwa nyuzi, hoja yenye nguvu ni ya kitakwimu: zinajazana karibu na kitovu na kupungua haraka ukitoka hapo. Hoja hiyo inalitetea kundi zima, lakini uzi mmoja uliojitenga bado unahitaji kipimo chake wenyewe cha ufyonzaji.