Pima mtutu kabla ya kununua kalibu: bunduki za kale za wenzo na risasi za kusubu

Kati ya bunduki zangu chache, ninayoitoa kabatini mara nyingi zaidi ni Winchester ya modeli ya 1894, bunduki ya wenzo (mkono wa chini unaoshushwa na kupandishwa ili kupakia), ya kipimo kiitwacho .38-55. Jina hilo ni la enzi ya baruti nyeusi: 38 ni upana wa mtutu kwa sehemu za mia za inchi, nao kwa kukadiria tu, na 55 ni uzito wa baruti kwa kipimo cha greni, yaani gramu tatu na nusu hivi. Bunduki hii ilitengenezwa kabla ya mwaka 1898 kwisha, na hapa Marekani ninapoishi tarehe hiyo ina maana, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale kilichosamehewa masharti yake, ingawa baadhi ya majimbo huongeza ya kwao. Anayenisoma kutoka Kenya au Tanzania asidhani msamaha huo unamhusu. Huko kuna sheria zao za vibali.

Kumiliki bunduki ya namna hii ni rahisi kuliko kuilisha. Modeli ya 1894, iliyobuniwa na John Browning, ilianza kuuzwa kwa vipimo viwili tu, .32-40 na .38-55, vyote vya baruti nyeusi. Mwaka 1895 ndipo Winchester walipoleta .30 na .25-35 za baruti isiyo na moshi, na kwa ajili yake wakatumia mitutu ya chuma kilichochanganywa na nikeli, kwa sababu chuma laini cha awali kingeliwa upesi na risasi zilizovikwa shaba, zenye mwendo mkali. Mtutu wangu ni wa kile chuma laini. Ulikusudiwa kupitisha kichwa cha madini ya risasi kilichopakwa mafuta, na mimi siupitishii kitu kingine. (Kiswahili kinatuletea kichekesho hapa, kwani madini na kitu kinachofyatuliwa vyote tunaviita risasi, basi katika makala haya nitasema “kichwa” kwa kile kinachoruka, na “risasi” kwa madini.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kalibu, yaani chombo cha kusubu (kumiminia risasi iliyoyeyuka ipate umbo la kichwa), kabla ya kupima. Nilisoma mahali kwamba vichwa vya .38-55 vina upana wa inchi 0.375, nikanunua kalibu ya kipimo hicho, nikasubu vichwa mia moja, nikaenda uwanja wa shabaha nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kufanikiwa. Kwa yadi 50, matundu machache yaliyofika kwenye karatasi yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo, maana yake vichwa vilikuwa vikiruka ubavu. Nilipochungulia ndani ya mtutu niliona michirizi ya kijivu ya risasi iliyoganda ukutani, na jioni nzima ikaishia kwenye brashi na nyuzi za shaba.

Wiki iliyofuata nikafanya nililopaswa kuanza nalo. Unahakikisha bunduki ni tupu, unaacha wenzo wazi, unapaka mafuta mepesi ndani ya mtutu, kisha unachukua tonge la risasi safi, isiyochanganywa na kitu, lililo nene kidogo kuliko tundu. Unaligonga liingie mdomoni kwa nyundo ya mbao, halafu unalisukuma polepole kwa ufito wa shaba. Hapo ni vema mkono uwe makini kuliko jicho, kwa sababu mtutu wa zaidi ya miaka mia moja hujieleza wenyewe: wangu ulibana kwa inchi chache za mwanzo, ukalegea katikati, ukabana tena karibu na chumba, yaani nyuma ya mtutu panapopakiwa. Tonge linapotoka limechorwa matuta na mifuo yote, yaani mifereji inayozunguka ndani ya mtutu. Mtutu huu una mifuo sita, kwa hiyo kila mfuo unakabiliana na mwenzake, na maikromita inaweza kusoma upana moja kwa moja. Yangu ilisoma 0.380. Tofauti na kalibu yangu ni sehemu tano kwa elfu za inchi, unene wa karatasi tu, lakini gesi ya moto hupita katika nafasi hiyo, ikiyeyusha pembe za kichwa na kuipaka risasi ukutani.

Wazee waliofyatua vichwa vidogo kwa baruti nyeusi hawakupata taabu hiyo kila mara, na sababu inaeleweka. Baruti nyeusi hupiga kitako cha kichwa kwa ghafla, na kichwa kikiwa laini hutanuka na kujaza mifuo kabla hakijafika mbali. Baruti za kisasa nyingi husukuma badala ya kupiga, kwa hiyo upana sahihi lazima uwepo tangu mwanzo. Mimi sasa natumia kichwa cha 0.381, kilichosubiwa kwa sehemu ishirini za risasi na sehemu moja ya bati, kwa kipimo cha uzito. Nilijaribu mchanganyiko mgumu zaidi wenye antimoni, na kwa mwendo mdogo wa bunduki hii sikuona faida yoyote. Watu wengi hudhani ugumu ndio dawa ya mtutu kuchafuka. Kwa maoni yangu upana ndio dawa, na ugumu huja baadaye sana.

Kichwa kikiongezeka upana, ganda (kikopo cha shaba kinachobeba baruti na kichwa) nalo hutanuka shingoni, kwa hiyo kabla ya kujaza hamsini jaza moja lisilo na baruti wala fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), ulijaribu katika chumba cha mtutu. Likikataa kuingia kwa wepesi, usilazimishe kwa wenzo. Angalia pia urefu: maganda ya asili yalikuwa ya inchi 2.125, lakini mengi yaliyotengenezwa baadaye ni ya 2.085, na tofauti hiyo huhamisha mahali ambapo mdomo wa ganda unakibana kichwa.

Kusubu kwenyewe ni kazi ya subira. Risasi safi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, nami hufanyia kazi kwenye 380 hivi. Kalibu ikiwa baridi, kichwa hutoka na mikunjo kama ngozi ya mzee. Ikizidi moto, hutoka kimefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hicho cha pili hutumika, cha kwanza hurudi chunguni. Maji yasikaribie kabisa: tone moja likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha chungu chote usoni. Mimi husubu nje, katika hewa inayopita, sili wala sinywi hapo, na nguo za kazi haziingii chumba wanakolala watoto.

Pua ya kichwa lazima iwe bapa. Magazini ya bomba chini ya mtutu hupanga maganda yaliyojazwa moja nyuma ya jingine, pua ya hili ikigusa fataki ya lile, na pua iliyochongoka huweza kuilipua fataki hiyo bunduki inapotikisika. Modeli ya 1895 haikuwa na shida hiyo kwa kuwa ilikuwa na magazini ya sanduku, nayo ndiyo Theodore Roosevelt aliyoshuka nayo Mombasa mwaka 1909, ya kipimo cha .405, kwa safari yake ya kuwinda simba.

Usafishaji una mtego mmoja. Nyuma ya modeli ya 1894 kumefungwa, kwa hiyo ufito huingilia mdomoni, na mitutu mingi ya kale imechakaa pale pale kwa fito za chuma za wenyewe wa zamani, si kwa kufyatuliwa. Tumia ufito uliovikwa plastiki, na kidude cha kuuongoza katikati. Ukitumia baruti nyeusi, maji ya moto kwanza, mafuta baadaye, siku hiyo hiyo, kwani masizi yake hunywa unyevu wa hewa na kuanza kula chuma usiku uleule.

Kwa kalibu mpya, vichwa vitano vya kwanza kwa yadi 50 viliingia katika duara la inchi mbili na nusu. Ile kalibu ya 0.375 bado iko rafuni. Nimeifungia kikaratasi chenye kipimo cha mtutu wangu.