Mkaa kwenye ndoo ya maji: tunayoambiana mtaani na ukweli wake

Dhana: maji yasiyotoa povu hayana sabuni

Naongelea ndoo yenye mkaa ndani na koki chini, ya kuchujia maji ya kisima yenye sabuni. Dhana hii ya povu ndo inadanganya watu wengi. Kisima cha kwa mama mkubwa kiko jirani na sehemu ya kuoshea magari, siku nyingine ukichota unakuta povu limezunguka ukingo wa ndoo, siku nyingine hakuna kitu na watu wanasema aa leo yako safi. Siku moja nikachukua chupa ya lita moja na nusu, nikajaza nusu kutoka kwenye hayohayo "safi", nikatikisa kwa nguvu nikaiweka mezani. Povu likabaki pale juu, jembamba, hadi namaliza chai yangu bado lipo. Sabuni ya unga na ya maji zina kitu kinaitwa sufaktanti, molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, zikiwa chache huoni povu kwa kuchota tu lakini zimo. Kupima kwa uhakika ni kazi ya maabara, wanatumia rangi ya methilini bluu ambayo inashikana na sufaktanti za sabuni za kufulia.

Dhana: chemsha tu, kila kitu kinaisha

Moto unaua vijidudu, hapo hatubishani. Ila sabuni haiondoki na mvuke, inabaki sufuriani, kinachopungua ni maji. Floridi nayo hivyohivyo, ile chumvichumvi ya asili inayotoka kwenye miamba na kuingia kwenye maji. Waliokulia kuzunguka Mlima Meru wanajua yale meno ya kahawia yanayoletwa nayo, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo vingi vya kule vinazidi hapo, sasa ukichemsha sana unazidi kuikoleza floridi kwenye maji.

Dhana: mkaa unafyonza uchafu kama sponji

Sponji inaingiza maji ndani, mkaa unafanya kazi kwa uso wake. Ndani una vitundu vidogo ajabu, na ukihesabu kuta zote za vitundu hivyo, gramu moja ya mkaa mzuri wa kuchujia inafika mita za mraba 1,000 hivi, yaani gramu 7 tu zinakaribia kiwanja kizima cha mpira! Ule mkia wa sufaktanti unaokimbia maji ukikuta ukuta wa kaboni unanata hapo, na kunata huko ndo wataalamu wanaita adsopsheni. Sasa kunata kunataka muda, kwa hiyo ukifungua koki yote maji yakapita mbio, yanatoka na sabuni yake vilevile. Yaache yadondoke polepole.

Dhana: mkaa wa jikoni ni uleule

Sio uleule jamani. Wa kuchujia, unaoitwa mkaa amilifu, mara nyingi wa vifuu vya nazi, unapitishwa kwenye mvuke kwenye nyuzi 800 hadi 900 ndo vitundu vinafunguka. Wa kwenye gunia la jikoni utanasa kidogo, halafu unakuachia maji yenye ladha ya majivu.

Hata huo amilifu haunasi kila kitu. Chumvi inapita, na floridi kwa sehemu kubwa inapita. Floridi inataka mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto kule Arusha wameufanyia kazi miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, ikiiva nusu maji yananuka, moto ukizidi uwezo wa kunasa unashuka, kwa hiyo anayechoma lazima ajue anachofanya. Na wale wanaosema mchanga na udongo utachuja sabuni yote kabla haijafika kisimani, udongo wa mfinyanzi unashika vizuri dawa ya kulainisha nguo kwa sababu dawa hiyo ina chaji chanya, lakini sabuni ya kufulia ina chaji hasi kama udongo wenyewe, zinasukumana, inaendelea na safari.

Dhana: mkaa ukichoka unauosha na kuuanika juani

Jua halitoi kilichonata. Viwandani wanaurudisha kwenye tanuri la joto kalikali, nyumbani unabadilisha basi. Nafasi zikijaa maji yanapita kama yalivyoingia, na mbaya zaidi bakteria wanapenda kuzaliana humo humo, kwa hiyo mkaa hauwi dawa ya vijidudu hata siku moja. Chuja kwanza ndo uchemshe. Kama unatumia klorini iweke baada ya kuchuja, ukiiweka kabla mkaa unaimaliza yote na maji yaliyochujwa yanabaki bila ulinzi.

Ndoo ya mama mkubwa siku hizi ina kipande cha plasta ubavuni, kimeandikwa kwa kalamu tarehe mkaa ulipowekwa, na kila Jumapili anatikisa chupa mbili, moja ya kisimani na moja ya kwenye koki, anaziweka dirishani kuangalia povu. Ya koki ikianza kufanana na ya kisimani ananipigia nimletee mkaa mwingine.