"Fundi, mwizi umempa spana?"

Swali hilo niliulizwa mbele ya wateja, kwenye banda langu la baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, siku ya tatu tangu nimpokee kijana wa miaka 17 aliyetiwa hatiani kwa kuiba simu. Mahakama ilimweka chini ya uangalizi, afisa anayemsimamia akatafuta fundi wa kumfundisha kazi, nami nikakubali. Tangu siku hiyo nasikia mengi barazani kuhusu vijana hawa, na mengi si kweli.

"Kaachiwa huyo, wazee wake wametoa kitu." Hakuachiwa. Uangalizi ni amri ya mahakama, wenye muda na masharti: kuripoti kwa afisa, kukaa mahali panapojulikana, kuacha alichokatazwa. Akiyavunja anarudishwa mahakamani, na anaweza kuadhibiwa kwa kosa lile lile la mwanzo.

"Angetupwa gerezani Maweni ndiyo angekoma." Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Mahabusu ya watoto tuliyo nayo Tanga ni ya kungojea kesi, si ya kutumikia adhabu. Shule ya maadilisho, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, iko Irambo, Mbeya. Mama wa Tanga akitaka kumwona mwanawe huko, aivuke nchi nzima. Na aliye chini ya miaka 10 hana jinai kabisa mbele ya sheria, jambo ambalo wengi wanaowacharaza watoto sokoni hawalijui.

"Uangalizi ni kwenda kusaini tu." Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu uangalizi wa kusaini tu upo kweli, na haufai kitu. Uangalizi wa karibu ni kazi nyingine. Uingereza ulipoanzishwa kwa vijana, walipangiwa saa 25 kwa wiki katika miezi mitatu ya mwanzo: masomo, stadi za kazi, ushauri, mazungumzo na familia, kumfidia waliyemkosea. Marekani walijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 1993 watafiti Joan Petersilia na Susan Turner walitoa matokeo ya programu 14 za uangalizi mkali, na ikaonekana kwamba ulinzi peke yake haukupunguza kukamatwa upya. Uliwanasa tu wengi zaidi kwa kuvunja masharti. Ila walioshughulikiwa ulevi wao, walioshika kazi, waliolipa fidia, kurudia makosa kwao kulikuwa chini kwa asilimia 10 hadi 20.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Wiki ya tano kijana wangu alitoweka siku mbili. Majirani walishacheka, "si tulikwambia?" Nikampigia afisa, tukaenda naye nyumbani kwao. Kumbe hapakuwa na unga, naye alikwenda kuvuta nyavu Deep Sea apate chochote cha kuwapelekea wadogo zake. Kalamu na daftari la kusaini vingeandika "mtoro". Afisa alikaa na mama yake mkekani mpaka jua likazama, wakakubaliana: chakula cha mchana ale bandani, na Jumamosi apate malipo kidogo kwa pancha alizoziba yeye mwenyewe. Hajakosa siku tena.

Sasa nampa rimu zilizopinda. Anaipindua baiskeli juu chini, anazungusha gurudumu taratibu, kidole gumba kimekaa karibu na rimu kusikiliza linapogusa. Akikaza spoku moja sana, upande wa pili unavutika. Mwanzo alikuwa anakaza kwa hasira mpaka spoku inakatika. Siku hizi anakaza nusu mzunguko, anazungusha tena, anatazama.

"Haya ni mambo ya serikali." Aliyeanza uangalizi huu Boston, Marekani, mwaka 1841, John Augustus, hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa fundi viatu aliyemdhamini mlevi mahakamani, akakaa naye, akamrudisha kwa hakimu akiwa mtu mwingine, kisha akawadhamini na vijana.

Kijana wangu amebakiza miezi saba. Banda langu linatosha mmoja tu, na afisa ana wengine mkononi: mmoja anataka kushona, wawili wanataka kuchomelea. Mafundi wa Makorora na Mabawa, anawatafuta nyinyi.