Simbilisi wa Nyumbani: Kumhasi Dume au Kuwatenganisha Tu?

Simbilisi wengi wanaofugwa katika nyumba za Arusha, kuanzia Njiro hadi Sakina na Ngaramtoni, wamenunuliwa kwa ajili ya watoto, wawili wawili, kwa ahadi ya muuzaji kwamba wote ni wa jinsia moja. Haupiti muda banda linakuwa na sita, na mzazi anafika kwa daktari wa mifugo kuuliza kama dume anaweza kuhasiwa kama wanavyohasiwa mbwa na paka. Anaweza. Hata hivyo, katika nyumba nyingi upasuaji huo hauhitajiki, na pale unapohitajika ni lazima ufanywe na mtu anayejua jinsi mnyama huyu anavyotofautiana na mbuzi, mbwa na hata sungura.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha jinsia, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapo. Mlaze simbilisi chali kwa muda mfupi juu ya taulo mapajani, mkono mmoja ukiwa umemshika mabega bila kumbana kifua, kisha kwa ncha ya kidole bonyeza taratibu juu kidogo ya tundu la mkojo, upande wa tumboni. Kwa dume, uume hujitokeza, au angalau husikika chini ya ngozi kama kijiti kigumu. Kwa jike hakuna kinachotokeza, na mikunjo ya ngozi huonekana kama herufi Y. Usitegemee kuona korodani, kwa sababu kwa dume mchanga bado hazijajaa, na hata dume mkubwa anaweza kuzivuta ndani ya tumbo akishtuka. Ukibaki na shaka, mpeleke kwa daktari, kwani kuangalia jinsia ni kazi ya dakika chache.

Jambo la pili ni kuelewa kasi ya uzazi wao, ambayo huwashangaza hata wafugaji wa sungura. Jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6 tu, na dume naye, ingawa kwa kawaida huwa tayari akiwa na miezi miwili au zaidi kidogo, wapo wanaowahi. Ndiyo maana watoto wa kiume hutolewa kwa mama na dada zao wakifikisha siku 21, bila huruma ya kuwaongezea wiki, kwa sababu mtoto wa simbilisi huzaliwa akiwa na manyoya, macho wazi na meno, na huanza kutafunatafuna majani ndani ya siku yake ya kwanza au ya pili. Katika umri wa wiki tatu hahitaji tena maziwa. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Jike huingia kwenye joto tena saa chache tu baada ya kuzaa, kwa hiyo akiwa bado na dume bandani anaweza kupandwa siku hiyo hiyo, na kwa mwendo huo akazaa mara 4 au hata 5 kwa mwaka, watoto 2 hadi 4 kila mara, huku mwili wake ukidhoofika. Dume aliye na jike mwenye mimba aondolewe kabla ya siku ya kuzaa.

Yapo mazoea ya kusema kwamba jike aachwe azae japo mara moja ndipo atulie. Kwa simbilisi ushauri huo unaweza kuua. Kiungo kinachounganisha mifupa ya nyonga upande wa mbele hulegea na kutanuka wakati wa kuzaa, lakini kwa jike ambaye hajawahi kuzaa kiungo hicho huanza kukakamaa anapokaribia umri wa miezi 7 au 8, na vitoto vya simbilisi ni vikubwa kulinganisha na mwili wa mama yao. Jike wa mwaka mmoja anayepata mimba ya kwanza anaweza kukwama, na wakati mwingine njia pekee inayobaki ni kumpasua, upasuaji wa hatari kubwa zaidi kuliko kumhasi dume. Kwa hiyo ukinunua jike ambaye umri na historia yake huvijui, mchukulie kama ambaye hapaswi kupandwa kabisa.

Baada ya hayo, uamuzi wenyewe unategemea swali moja: nani unataka aishi na nani? Simbilisi ni mnyama wa kundi, na akifugwa peke yake hunywea; nchini Uswisi, tangu mwaka 2008, sheria inataka wafugwe angalau wawili. Mwenye majike wawili au watatu hana haja ya kisu chochote, na kwa familia inayoanza hilo ndilo kundi ninalolipendekeza, kwa kuwa ni tulivu na halina gharama za daktari za kudhibiti uzazi. Mwenye madume wawili waliokua pamoja pia anaweza kuwaacha hivyo, mradi banda liwe pana, kila mmoja awe na chombo chake cha chakula na mahali pake pa kujificha, na majike wasiwe karibu kiasi cha harufu yao kuwafikia.

Wengi huomba madume yahasiwe ili yaache kupigana. Hapa lazima niwe mkweli: kwa simbilisi, kuhasi hakuleti utulivu huo kwa uhakika. Kugombea ukubwa ndani ya banda ni tabia ya kundi, si suala la homoni peke yake, na madume waliokwisha kuumizana huendelea kuumizana hata baada ya kupona mshono. Fedha hiyo itumike kununua mbao na wavu wa kugawanya banda, ili waendelee kuonana na kunusana bila kufikiana.

Sababu nzuri ya kumhasi dume ni moja hasa: umebaki na dume ambaye hana mwenzake wa kiume wa kupatana naye, na unataka aishi na majike bila kuongeza watoto. Dume mmoja aliyehasiwa pamoja na jike mmoja au majike kadhaa ni kundi linalokaa vizuri sana. Sababu hiyo inakuwa na uzito zaidi dume akiwa bado kijana mwenye afya, kwa sababu simbilisi huishi miaka 5 hadi 8, na kumtenga peke yake kwa muda wote huo ni adhabu.

Sasa kuhusu upasuaji wenyewe. Mtaalamu anayewahasi mbuzi na ndama kwa koleo la kuhasi, au kwa mpira wa kubana, asiguse simbilisi kwa vifaa hivyo. Mfereji wa kinena wa simbilisi dume, yaani njia inayotoka tumboni hadi kwenye korodani, hubaki wazi maisha yake yote, na ndani yake hupita pande kubwa la mafuta. Korodani ikitolewa bila njia hiyo kufungwa vizuri, utumbo unaweza kuteremka na kutokeza. Mnyama mwenyewe ana uzito wa gramu 700 hadi 1,200, hupoteza joto haraka akiwa chini ya nusukaputi, koo lake ni jembamba kiasi kwamba kumwekea mrija wa hewa ni shida, na mara nyingi mdomoni hubaki na mabaki ya majani yanayoweza kumziba pumzi. Kwa mpasuaji aliyezoea haya, upasuaji ni mfupi na wengi hupona vizuri. Kwa asiyeyajua, simbilisi hufia mezani.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatofautisha daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania na wataalamu wasaidizi. Bwana mifugo wa kata ni mtu wa msaada mkubwa, lakini upasuaji wa tumbo na kinena chini ya nusukaputi upeleke kwa daktari aliyesajiliwa. Muulize bila kuona haya: amewahi kumhasi simbilisi, au wanyama wadogo kama sungura? Hufungaje mfereji wa kinena? Hutumia dawa gani ya usingizi, na humpimia kwa uzito wa siku hiyo? Atampa dawa gani ya maumivu, na atampa joto kwa njia gani? Daktari mzuri hatachukia maswali haya, na akikiri kwamba hajawahi, mshukuru kwa ukweli wake na utafute mwingine, au urudi kwenye mpango wa kuwatenganisha. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, lakini safari ya kutwa nzima barabarani nayo ni mzigo kwa mnyama mwoga kiasi hiki, na kwa upasuaji usio wa lazima sioni kama inafaa.

Ukiamua kuendelea, mpeleke dume akiwa ameshafikisha angalau nusu kilo, hana kikohozi wala makamasi, hana utitiri, na amekuwa akila vizuri. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na bila hiyo kidonda hakifungi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo hakikisha kila siku anapata kipande cha pilipili hoho au mboga za majani mbichi kama sukuma wiki, juu ya nyasi ambazo ndizo chakula chake kikuu. Usimshindishe njaa kama anavyoshindishwa mbwa kabla ya upasuaji, kwani simbilisi hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama ni vigumu kuuamsha. Mpelekee na fungu la nyasi zake alizozoea, ili akizinduka azikute.

Akirudi nyumbani, ondoa maranda bandani na utandike taulo safi au magazeti kwa wiki mbili, maana vumbi la mbao hunasa kwenye kidonda. Miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya Arusha si ya mchezo: mlaze ndani, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa iwekwe upande mmoja ili aweze kuisogelea au kuikimbia. Hesabu kinyesi chake. Punje zikipungua au zikawa ndogo na kavu, utumbo unapunguza kazi. Na akikaa saa 12 mfululizo bila kula, hiyo ni dharura, si jambo la kusubiri kesho. Kidonda kikaguliwe kila asubuhi na jioni, kwa kuwa majipu kwenye mshono ndiyo tatizo linalojitokeza mara nyingi zaidi. Usaha wa simbilisi ni mzito, hauyeyuki kwa dawa peke yake, na jipu huhitaji kufunguliwa na kusafishwa na daktari.

Hapa kuna onyo ambalo ningependa kila duka la dawa za mifugo lilibandike ukutani. Sindano ya mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, ambayo kwa ng'ombe na mbuzi ni ya kila siku, pamoja na amoksilini na ampisilini, huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na kuacha wale wa jamii ya klostridia wakizaliana na kutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa ndani ya siku chache, na mwenye nyumba hudhani kwamba ni upasuaji uliomuua. Zipo antibiotiki zinazomfaa, na kuchagua ni kazi ya daktari. Usimpe iliyobaki kwenye kabati, hata kama ilimponya mtoto wako.

Dume aliyehasiwa hubaki na mbegu hai njiani, kwa hiyo akae mbali na majike kwa wiki 6. Wavu kati yao unatosha.

Kwa majike mambo ni tofauti. Kuwatoa ovari na mfuko wa uzazi kunahitaji kufungua tumbo au ubavu, usingizi ni mrefu zaidi, na sishauri kufanya hivyo kwa lengo la kuzuia mimba tu wakati dume anaweza kuhasiwa au kutengwa. Hata hivyo, majike waliovuka mwaka mmoja na nusu au miwili hupata sana vifuko vya maji kwenye ovari. Ishara zake ni manyoya kunyonyoka mbavuni pande zote mbili kwa usawa bila kujikuna, tumbo kujaa kama pea, chuchu kuwa ngumu, na jike mpole kuanza kuwapanda wenzake. Ukiona hayo, usimpake dawa ya ukurutu wiki nzima ukisubiri manyoya yaote. Mpeleke apapaswe tumbo na, inapowezekana, apigwe picha ya ultrasaundi, kwa sababu kwa jike kama huyo upasuaji unaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe, na vifuko hivyo huongezeka ukubwa kadiri anavyozeeka.